Stata ikilia "vuu" kwenye jiliwa, usitoe pesa bado

Ndugu Mhariri,

Jumanne ya juma lililopita ulichapisha barua ya msomaji wa Mbezi aliyetuita mafundi umeme wa magari "wezi wa mchana". Alieleza kwamba stata ya gari lake, ile mota ya kuwashia injini, ilifumuliwa, akaonyeshwa ikizunguka, akalipa, na siku ya nne ikamwacha mbele ya geti la shule ya wanawe huku walio nyuma wakimpigia honi. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi, chai ya rangi mkononi, na kijana wangu wa kazi akaniuliza mbona natikisa kichwa peke yangu. Nilikuwa nimekumbuka pantoni.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Buguruni, na kazi hii naifanya tangu 1994. Siandiki kumtetea fundi aliyemhudumia ndugu yetu. Simjui, na gari sikuliona. Ninaandika kwa sababu ya maneno mawili yaliyomo kwenye barua yake: "niliiona ikizunguka". Hapo ndipo wateja wengi wanapoangukia, na hapo hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Ilikuwa 2009, Daraja la Nyerere halijajengwa, na mtu wa Kigamboni anayetaka kwenda mjini bila kuzunguka mbali alitegemea pantoni. Mama mmoja muuguzi aliniletea gari dogo la saluni la Kijapani, gia oto. Asubuhi likiwa la baridi linawaka kwa pigo moja. Likishatembea likapata moto, stata inajivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini: uu, uu, uu. Nikaishusha, nikaifumua. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimelika zikabaki kama kucha. Nikaweka mpya, nikapiga msasa komyuteta, yaani ile pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni zinaisugua, nikapaka grisi, nikafunga. Nikaibana kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma mezani, nikachukua nyaya za kubustia, nikagusa. Vuuu! Mama akatabasamu, akahesabu noti.

Jioni ile ile akapanda pantoni, akazima injini kama wenzake. Walipofika ng'ambo, yeye akiwa gari la pili kutoka mbele, akazungusha ufunguo. Uu... kimya. Gari la gia oto hulisukumi likawaka kama yale ya gia za mkono. Ikabidi aweke N, abiria na wauza korosho walisukume kupanda kile kilima cha kutokea, yeye kashika usukani na anasikia kila neno linalosemwa juu ya wanawake na magari. Siku ya pili yake alikuja kwangu kwa bajaji. Hakunitukana. Aliiweka stata juu ya meza yangu ikiwa ndani ya mfuko wa rambo, akasema, "Fundi, jana ilizunguka mbele yako na mbele yangu. Leo nieleze." Sikuwa na la kueleza.

Nikaifumua tena, yeye amesimama. Bushi ya mbele, ile pete inayoshikilia shafti, ilikuwa imelika, tundu limekuwa na umbo la yai, na shafti ukiishika inacheza. Stata ikizunguka yenyewe mezani, amecha, ule moyo wake unaozunguka, inakaa katikati vizuri tu na huoni kasoro. Ikishaambiwa izungushe injini, meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini linalozungushwa na stata, yanaisukuma shafti pembeni, amecha inaegemea na kuanza kukwaruza vile vyuma vilivyoizunguka. Alama zilikuwepo, michirizi inayong'aa kwenye amecha, nami siku moja kabla niliiona na kuifuta kwa kitambaa nikidhani ni uchafu. Halafu ongeza joto la injini. Shaba ikipanda joto kwa nyuzi 50, ukinzani wake, yaani ugumu wa kupitisha umeme, unaongezeka kwa karibu asilimia 20, kwa hiyo ile nguvu kidogo iliyobaki nayo inaliwa. Ndiyo maana asubuhi iliwaka na jioni ikagoma. Bushi pea moja wakati ule ilikuwa bei ya sahani ya chipsi. Nilimrudishia mama hela yake yote na bushi nikamwekea bure, na mke wangu aliponiuliza mauzo ya siku ile nilisema mvua ilinyesha.

Wanaopita Kariakoo wanajua kwamba mkokoteni mtupu hata mtoto anaukimbiza. Upakie magunia ya mchele ndipo utajua gurudumu gani limepinda. Stata ndani ya jiliwa ni mkokoteni mtupu, na ile "vuu" tunayomchezea mteja inathibitisha jambo moja tu: kwamba umeme unapita.

Baada ya aibu ile nikaenda eneo la Gerezani, hapa hapa Dar, kununua mita ya kubana waya, ile yenye mdomo kama kaa, ili niwe nasoma ampea. Nikarudi nayo nimevimba kichwa. Nikaibana kwenye waya wa betri, nikapiga stata, ikaandika sifuri. Nikapiga tena, sifuri. Fundi friji wa jirani akaja akaitazama akaangua kicheko: "Mzee, hii inasoma umeme wa TANESCO, sio wa betri." Kumbe mita nyingi za bei rahisi za aina hiyo zinapima umeme wa kupishana peke yake. Nyaya za majaribio zilizokuja nayo zinaweza kusoma volti za betri, lakini mdomo wake hausomi ampea za betri. Nawaambia vijana wanaoanza: kabla hujatoa hela, hakikisha kwenye upande wa ampea pana alama ya umeme wa moja kwa moja, kamstari kenye vidoti chini yake. Ile yangu nilimwachia fundi friji kwa nusu bei, na mpaka leo anaitumia.

Sasa nieleze ninavyopima, ili msomaji wa Mbezi na wengine wajue wadai nini wakiwa wamesimama pale. Naanza na solenoidi, kile kichupa cha juu kinachorusha bendiksi, yaani kigia kidogo kinachouma meno ya flaiwili. Stata nyingi za Toyota zina ncha tatu: 30 ya waya mnene wa betri, 50 ya waya mwembamba unaotoka kwenye swichi, na C inayoingia kwenye mota yenyewe. Nachomoa ule wa C unaokwenda kwenye mota, kisha naweka hasi ya betri kwenye bodi ya stata na kwenye ncha ya C, chanya naigusisha 50. Bendiksi iruke nje, ta! Nikiondoa hasi ya C, ibaki pale pale nje. Nikiondoa na ile ya bodi, irudi ndani papo hapo. Isiporuka, koili ya kuvuta ina walakini; ikiruka halafu ikaachia, koili ya kushikilia ndiyo mgonjwa; isiporudi, springi imechoka au kuna uchafu unaoing'ang'ania. Kila hatua ni sekunde tatu hadi tano, basi. Ukizidisha unaiunguza koili uliyokuja kuipima. Na cheche ya mwisho iwe mbali na betri, hasa iliyotoka kuchajiwa, maana inatoa hewa inayolipuka. Hapa mtaani kwetu yupo fundi ambaye shati lake lilibaki kola tu.

Kisha narudisha waya wa C, naiwasha yote, mita imebana waya. Kiwango kinachoandikwa kwa stata nyingi za Toyota ni ampea 90 au pungufu, betri ikiwa kwenye volti 11.5. Hapa ndipo raha ya kazi ilipo, kwa sababu ampea na mwendo vikisomwa pamoja vinakusimulia kila kitu. Ampea zimepanda na mwendo ni wa kujivuta: kuna kinachokwaruza, bushi au shafti iliyopinda, au nyaya za amecha zimegusana ndani. Ile ya mama muuguzi ingenipa picha hii ikiwa kwenye gari, na mzigo juu yake, kama ningekuwa na mita. Ampea ziko chini na mwendo nao uko chini: hapo umeme unazuiwa njiani, komyuteta chafu, springi za kaboni zimelegea, au kiungo hakikulehemiwa vizuri. Ampea nyingi mno na haizunguki kabisa: imekwama, au umeme unavujia kwenye bodi. Hakuna ampea hata moja: kuna mahali pamekatika. Mteja hahitaji kuyajua yote haya. Anahitaji kuuliza tu, "Fundi, imesoma ngapi?" Fundi akibabaika, mteja ameshapata jibu lake.

Usiiache ikizunguka muda mrefu ukidhani unaifanyia mazoezi. Zile za zamani zenye koili za fildi, yaani koili zinazofanya kazi ya sumaku, zisipokuwa na mzigo, zinaongeza kasi tu, na nimewahi kuona amecha iliyorusha nyaya zake zote ikawa kama nywele za mtu aliyeamka.

Niseme pia kuhusu kaboni, maana hapa kuna ujanja ambao mita ya mezani haiugundui kirahisi. Kaboni ya stata ina shaba nyingi ndani yake. Ukiikwangua inang'aa wekundu. Kaboni ya drili au ya blenda ni nyeusi tii, na ukinzani wake ni mkubwa. Wapo wanaoichukua ile ya drili kubwa, wakaipiga tupa mpaka ikaenea kwenye kishikio, wakafunga. Mezani inazunguka kama kawaida. Kwenye gari inakosa nguvu, inachemka, na ndani ya miezi michache imekwisha. Mwombe fundi akuonyeshe kaboni mpya kabla hajaifunga, uione rangi. Na akikupigia stata nyundo "kuiamsha", mzuie. Stata nyingi za siku hizi hazina koili za fildi, zina sumaku za kudumu, na sumaku zile ni kama vigae: zikipata nyundo zinapasuka, vipande vinaingia kwenye amecha. Nyundo ilikuwa dawa ya gari za baba zetu.

Hayo ni ya mezani. Mzigo wa kweli uko kwenye gari. Karakana kubwa zina mashine ya kuibana stata na kupima nguvu yake, lakini sisi wa chini ya mwembe mashine yetu ni injini yako wewe mwenyewe. Kwanza betri: ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6. Ikisoma 12.1, stata haina kesi ya kujibu, nenda ukachaji. Kisha nachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta gari lisiwake, gia kwenye P, hendibreki juu, na kijana anapiga stata kwa sekunde kumi wakati mimi natazama mita kwenye betri. Isishuke chini ya 9.6. Halafu inakuja ile ninayoipenda kuliko zote. Ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, yenyewe nguzo na sio kichwa cha waya, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ni mbovu. Fanya hivyo hivyo kwa upande wa chanya, toka nguzo ya betri mpaka ncha 30 ya stata, ikizidi 0.5, waya au kichwa chake kinakula umeme.

Wenzangu wengi wanapima waya huo kwa omu, kipimo cha ukinzani, mita inalia "pii", wanasema mzima. Waya mnene uliobaki na nyuzi tatu nzima utalia "pii" vile vile. Stata ya gari dogo inavuta ampea 150 hivi. Ukipoteza volti moja tu njiani, hizo ni wati 150 za joto kwenye kiungo kimoja, na ukinzani unaosababisha hayo haufiki hata sehemu moja ya mia ya omu. Mita yetu ya kawaida haiuoni. Mkono unauona: piga stata mara mbili tatu kisha shika vichwa vya waya kimoja kimoja, cha moto ndicho mwizi. Na hapa Dar hatukosi wezi hao. Upepo wa bahari unatia vichwa vya betri kutu ya kijani, na wale waliovuka maji ya Jangwani wakati wa masika wakasema "limepita salama" hunijia mwezi unaofuata, tope limo ndani ya stata na boliti ya athi imekuwa kahawia.

Yote hayo, mezani na kwenye gari, yanachukua dakika ishirini. Na hapa ndugu yangu wa Mbezi aniwie radhi, nimgeukie na yeye. Wateja hawakubali dakika ishirini. Mtu anafika saa kumi na moja jioni, dereva wa daladala tajiri wake anapiga simu kila baada ya dakika tano, mwingine anasema fundi wa Tandika anafanya kwa elfu kumi na tano na wewe unataka elfu thelathini za nini. Nikimwambia bushi nazo zibadilishwe, anasema badilisha kaboni tu, bushi mwezi ujao. Akisikia "vuu" ameshapanda gari. Mtu huyo huyo akinunua tikiti maji pale Buguruni sokoni analigonga, analinusa, analigeuza, anaomba likatwe kipande aone wekundu.

Wanaonunua stata za mtumba kutoka Japani ndio kabisa. Muuza spea anagusa betri, inaruka, mnapeana mkono. Mwambie akuachie uishike shafti uitikise juu na chini, uizungushe bendiksi kwa vidole: upande mmoja iende kwa ulaini, upande mwingine ikatae. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakukatalia.

Kuna mzee mmoja wa hapa kijiweni, aliyewahi kuwa tanboi wa lori la Bedford, anapenda kutucheka kwamba zamani stata ikifa unachukua hendeli unazungusha mwenyewe, na hendeli ikirudi kinyume inakuvunja mkono. Ndivyo ilivyokuwa dunia nzima mpaka Cadillac ya Marekani ya 1912 ilipotoka na stata ya umeme ya Charles Kettering. Leo gari zetu hazina hata tundu la hendeli, nyingi ni gia oto, na kulisukuma hakusaidii. Stata ikigoma umelala hapo.

Nirudi kwa msomaji wa Mbezi nimalizie. Umeandika, kwa hasira na ninakuelewa, kwamba ulipolisubiri gari nusu saa liliwaka lenyewe, na hapo ukaamini kuwa fundi alikuwa amekuchezea. Mimi sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Stata iliyokufa haifufuki kwa kupumzika. Kinachogoma kikiwa cha moto na kukubali kikipoa ni bushi kama ile ya mama muuguzi, au koili ya solenoidi iliyochoka, au kiungo cha waya kilicholegea ambacho joto linakiachanisha. Kwa hiyo usikubali ipimwe asubuhi ikiwa baridi, utaambiwa nzima tena. Liendeshe mpaka Kimara na kurudi, foleni itakusaidia kulichemsha, kisha fungua boneti papo hapo, mita kwenye nguzo ya hasi na kwenye chuma cha injini, mtu apige ufunguo. Na stata yenyewe usiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya hapo. Ndani yake kuna shaba, watakushawishi. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3, anza na waya wa athi na boliti zake mbili, halafu ndipo umhukumu fundi wako.

Fundi umeme wa magari,
Buguruni, Dar es Salaam